Kabla Hujawawekea Sumu, Wapige Picha: Simu Yako na Ndege Wadogo wa Uani

 

Msimu huu swali ninaloulizwa sana halihusu mbolea wala bei ya mbegu, linahusu ndege. "Afisa, ndege wananimaliza, kuna dawa gani?" Nami kabla sijajibu huwa nauliza: ndege gani? Hapo wengi wanakwama. Utasikia "vile vidogo vidogo," au "vile vya kahawia." Mdogo wangu, kwa mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini hakuna daktari anayeandika dawa. Na ndege ni hivyo hivyo.

Leo basi tuzungumzie kazi ambayo wengi mnaiona ya watalii: kupiga picha ndege wadogo wa porini wanaokuja uani kwako, kwenye kitalu, kwenye mipapai na migomba nyuma ya nyumba, na pembeni ya jaruba. Simu unayo tayari mfukoni. Ukiitumia vizuri itakuonyesha nani anakula mazao yako, na nani anakufanyia kazi bila mshahara.

Kwa nini picha, macho hayatoshi?

Ndege mdogo hakai. Anatua, anadonoa, ameondoka. Macho yanaona rangi na mbawa, basi. Picha inakupa nafasi ya kutazama kwa utulivu vitu vitatu: mdomo wake, alichoshika mdomoni, na mmea aliotua.

Kikubwa hapo ni mdomo. Shika kanuni hii:

- Mdomo mfupi, mnene, wenye umbo la koni: huyu ni mvunja mbegu. Hapa wamo mnana, shomoro, kweche na kwelea kwelea.
- Mdomo mwembamba ulionyooka kama kibanio: huyu anaokota wadudu. Yule mweusi na mweupe anayetikisa mkia muda wote, anayetembea uani na ufukweni, ni wa kundi hili. Ukimwona karibu na vichanja vya dagaa pale Kibirizi au Katonga, mara nyingi anafuata inzi.
- Mdomo mwembamba, mrefu, uliopinda: huyu ni chozi. Anafyonza maji matamu ya maua, lakini anakula pia wadudu na buibui, na makinda yake huyalisha hao hao.
- Mdomo mfupi mpana, mbawa ndefu, haachi kuruka: mbayuwayu. Anakamata wadudu hewani.

Yupo pia mweusi kwa juu na mweupe kwa chini, mwenye mkia mrefu na mdomo wenye ndoana nchani. Anakaa juu ya waya au kijiti kikavu, akitazama chini kama mlinzi. Anakula panzi na wadudu wengine wakubwa, na wakati mwingine huwatundika kwenye mwiba au kwenye seng'enge awale baadaye. Ukikuta panzi amechomekwa kwenye seng'enge ya shamba lako usidhani ni uchawi. Piga picha, umepata ushahidi wa kazi yake.

Sasa kuna jambo linalochanganya watu wengi. Mnana ni mla mbegu, ndiyo, na kwenye michikichi anachana majani kutengenezea viota vyake vya kuning'inia. Lakini akiwa na makinda huwalisha wadudu. Kwa hiyo ndege yule yule anaweza kuwa hasara mwezi huu na msaada mwezi mwingine. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Unahitaji picha zenye tarehe, za msimu mzima.

Kilichotokea China

Mwaka 1958 serikali ya China ilitangaza vita dhidi ya viumbe wanne waharibifu, na shomoro alikuwa mmojawapo kwa kosa la kula nafaka. Wananchi waligonga masufuria na ngoma ili ndege wasitue, wakabomoa viota na kuvunja mayai. Shomoro walikufa kwa wingi mno. Baadaye ikaonekana kwamba walikuwa wanakula wadudu pia, na wadudu wale sasa walikosa wa kuwapunguza. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa kwenye orodha, nafasi yake akapewa kunguni. Njaa iliyoikumba nchi ile miaka hiyo ilikuwa na sababu nyingi, ila kuua shomoro bila kujua wanakula nini hakukusaidia.

Kwetu Tanzania upo mfano mzuri zaidi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro watafiti walifunika mikahawa kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, kisha wakalinganisha na mikahawa iliyoachwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: pale ndege na popo walipofika, maua yaliyofanikiwa kuwa matunda yaliongezeka kwa karibu asilimia 9. Nyie wa Kalinzi mnaolima kahawa, hesabuni wenyewe asilimia 9 ya mavuno yenu ni kilo ngapi. Kazi hiyo imefanywa na viumbe ambao hujawalipa hata shilingi.

Andaa studio yako ya uani

Huhitaji kamera ya mamilioni. Simu janja ya kawaida inatosha, ila ina udhaifu mmoja: ndege akiwa mbali mita kumi anatoka kama nukta. Ukivuta picha kwa vidole unapata ukungu tu. Kwa hiyo badala ya kumfuata ndege, mfanye ndege aje kwenye simu.

1. Maji. Chukua beseni bapa au kigae cha chungu kilichovunjika, weka maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3, na jiwe katikati la kutua. Kiangazi cha Juni hadi Septemba maji huvuta ndege kuliko chakula. Badilisha maji kila siku, usije ukafuga mbu.

2. Kitua. Chomeka kijiti kikavu karibu na beseni. Ndege wengi hutua kwanza juu ya kijiti, wanaangalia usalama, ndipo wanashuka. Hapo ndipo utakapompata ametulia.

3. Nyuma pawe safi. Hakikisha nyuma ya kijiti kuna nafasi ya mita tatu hivi kabla ya ukuta au majani. Ukiacha ndoo, kamba ya nguo na bati vionekane, ndege atapotea humo.

4. Mbali na kichaka. Acha mita mbili au zaidi kati ya beseni na kichaka chochote, maana paka anajua kusubiri.

5. MBALI NA BANDA LA KUKU. Hili nalisema kwa herufi kubwa. Ndege wa porini wanaweza kuleta mdondo kwa kuku wako. Usiweke maji wala punje za kuvutia ndege mahali kuku wanapokula, na chanjo ya mdondo usiiruke. Ile ya I-2, ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu.

Mwanga wa Kigoma ulivyo

Sisi tuna bahati, mwanga wetu unatabirika. Asubuhi jua linatokea upande wa milima, jioni linazama ziwani upande wa Kongo. Kwa hiyo asubuhi ipe milima mgongo, upige ukielekea ziwani. Jioni geuka: ziwa liwe mgongoni. Hapo mwanga unampiga ndege usoni na rangi zinatoka. Ukifanya kinyume utapata kivuli cheusi chenye umbo la ndege, ambacho hakimsaidii mtu kumtambua.

Saa nzuri ni saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni kuendelea. Kwa bahati, hizo ndizo saa ambazo ndege wanakula sana. Saa sita mchana wacha, jua ni kali na ndege wamejificha kwenye miembe.

Namna ya kupiga

- Futa kioo cha kamera kwanza. Simu ya mkulima ina vumbi, jasho na mafuta ya mawese. Tumia kitambaa laini cha pamba.
- Weka simu kwenye stendi, au iegemeze kati ya matofali mawili, umbali wa mita moja hadi mbili kutoka kwenye kijiti. Ifunike kwa majani makavu, ubakize kioo cha kamera. Isiwe juani moja kwa moja, itapata joto na kujizima.
- Gusa kwenye kijiti pale kwenye kioo cha simu, ushikilie mpaka fokasi ijifunge. La sivyo simu itaendelea kutafuta majani ya nyuma.
- Washa video, ondoka, kaa mbali kimya dakika kumi. Baadaye unatazama video na kuchukua skrinshoti pale ndege alipotulia. Kwa simu nyingi hii ndiyo njia rahisi kuliko zote.
- Kama una hedifoni za waya, simu nyingi hukubali kupiga picha kwa kubonyeza kitufe chake cha sauti. Zipo pia rimoti ndogo za Bluetooth.
- Ukiwa umeishika mkononi, bonyeza kwa picha mfululizo. Katika picha ishirini utapata mbili nzuri, hizo nyingine futa ili simu isijae.
- Shuka chini. Picha ya ndege iliyopigwa ukiwa umesimama inaonyesha mgongo tu. Piga magoti, kamera iwe usawa wa jicho lake.
- Vaa nguo zisizong'aa na usiende moja kwa moja kwake. Nenda kwa mzunguko, kama mtu mwenye shughuli zake.

Kama mfuko unaruhusu, kamera ndogo yenye kuvuta mbali ni nzuri kuliko simu ya gharama kubwa kwa kazi hii. Lakini usinunue kabla hujafanya na simu kwa msimu mzima.

Picha tano ninazozihitaji mimi afisa wako

Ukija ofisini au ukinitumia kwa simu, usiniletee picha ya ndege mzuri peke yake. Nipe tano:

1. Ndege mzima, kwa ubavu.
2. Kichwa na mdomo, kwa karibu kadiri unavyoweza.
3. Ndege akiwa anakula, hata kama haikutoka vizuri.
4. Suke, tunda au jani lililoharibiwa, pamoja na kidole chako au kalamu ili nijue ukubwa.
5. Kundi zima kwa mbali, nione ni wangapi na wanatokea wapi.

Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida. Ukituma kawaida inabanwa na kupoteza ubora, na mdomo wa ndege unageuka tope. Andika chini yake tarehe, saa, zao, na zao limefika hatua gani.

Kutambua jina unaweza kuanza mwenyewe. Ipo programu ya bure inaitwa Merlin, ya Cornell Lab ya Marekani. Ukipata mtandao mzuri pakua kifurushi cha ndege wa eneo letu, baada ya hapo inaweza kutambua kwa picha hata bila bando.  Andika pembeni jina la Kiha ambalo wazee wa nyumbani wanalijua, kwa sababu utamweleza jirani kwa jina hilo. Ila usiiamini kwa asilimia mia. Majike ya kahawia ya mnana, kweche na kwelea kwelea wanafanana sana, hata wataalamu wanayatazama mara mbili.

Kijana wa bonde la Luiche

Kijana mmoja anayelima mpunga bonde la Luiche alinipigia simu mpunga ukiwa umeanza kujaa maziwa. Alikuwa amekopa kwa ajili ya shamba lile. Jirani alishamshauri achanganye sumu ya wadudu na mchele, amwage matutani.

"Shikamoo afisa. Kesho namwaga, nimechoka."

"Marahaba mdogo wangu. Kesho usimwage. Kesho piga picha, jioni nitumie."

Alinuna, lakini alipiga. Zilikuja picha kama thelathini, nyingi za ovyo. Ila zilizofaa zilionyesha jambo. Ndege aliowaona wengi zaidi, wale waliokuwa wakipita juu ya mpunga mchana kutwa, walikuwa mbayuwayu. Hawajawahi kula punje ya mtu. Wengine matutani walikuwa ni wale watikisa mkia. Wenye hatia walikuwa mnana na kweche, tena walikuwa upande mmoja tu wa shamba, ule unaopakana na matete na majani marefu. Masuke ya katikati yalikuwa mazima.

Sasa fikiria angemwaga ile sumu. Angeua nani? Wale wa matutani kwanza. Na hatari haiishii hapo. Watoto huokota ndege waliokufa wakaenda kuwachoma wale. Kuku na bata wa jirani wanashuka bondeni. Maji ya bonde lile yanaelekea ziwani, kwenye dagaa na migebuka tunayokula wote.

Alifyeka majani ya ukingoni, akafunga kanda za kung'aa upande ule, na akalinda kwa zamu na wadogo zake, asubuhi na jioni, mpaka punje zilipokauka. Mistari michache ya pembeni ililiwa, sisemi haikuliwa. Lakini alivuna, akalipa deni.

Ukishajua ni nani, fanya nini?

Kama picha zinaonyesha wala wadudu: waache. Punguza dawa, usipulizie kwa mazoea, pulizia baada ya kukagua. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 tunahitaji kila mdomo unaokula kiwavi.

Kama ni wala mbegu wachache: panda kwa wakati mmoja na majirani, ili hasara igawanyike na shamba lako lisiwe peke yake lenye masuke. Palilia mapema, maana mbegu za majani ndizo zinazowaita. Linda hasa tangu punje zinapojaa maziwa hadi zinapokauka, na vuna mara tu zao linapokomaa. Kwa kitalu na bustani ndogo tumia nyavu, lakini zikaze vizuri. Wavu uliolegea unanasa hata chozi na mbayuwayu.

Kama ni kundi kubwa linaloruka pamoja kama moshi: inaweza kuwa kwelea kwelea. Dume ana mdomo mwekundu, na wakati wa kuzaliana uso wake huwa na kinyago, mara nyingi cheusi. Jike mdomo wake hugeuka njano kipindi hicho. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku. Hapo si kazi ya mkulima mmoja na debe. Piga picha ya kundi na mahali wanapolala, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa ugani wa kata au ofisi ya kilimo ya halmashauri, ili lifike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kunyunyizia sumu kwenye malalo ya kwelea ni kazi ya waliofunzwa. Ile ya fenthioni inayotumika dhidi yao inaua pia ndege wengine wanaolala pale, na hata wale wanaokula mizoga yao.

Mipaka ya mpiga picha

Usisogelee kiota chenye mayai au makinda, mama akikimbia jua au kunguru watamaliza kilichobaki. Usikate matawi ili kiota kionekane. Usimfunge ndege kamba mguuni eti atulie. Na kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukienda shambani au uani kwa mtu mwingine, piga hodi kwanza. Hakuna anayependa kuona simu imeelekezwa kwenye nyumba yake.

Je, kuna hela hapa?

Najua mnasubiri swali hili. Nawaambia ukweli: msitegemee kuuza picha za mnana. Hela iko kwenye chupa ya sumu ambayo hukuinunua, na kwenye kulinda upande mmoja wa shamba badala ya pande nne.

Na sisi watu wa Kigoma hatuna haja ya kufundishwa kwamba kutazama wanyama kwa subira kunalipa. Jane Goodall alifika Gombe mwezi Julai 1960, akakaa kimya akitazama na kuandika. Mwaka huo huo aliona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa. Miaka miwili baadaye alikuja Hugo van Lawick na kamera, na picha zake zikawaonyesha watu wa mbali kile ambacho walikuwa wanasoma tu. Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Wewe una robo eka na simu, ila njia ni ile ile: kaa kimya, tazama, piga, andika tarehe.

Kazi ya wiki hii: weka beseni, chomeka kijiti, piga asubuhi tatu. Fungua daftari lenye safu tano: tarehe, saa, ndege, anakula nini, wako wangapi. Rudia kila wiki, saa ile ile, mahali pale pale, mpaka uvune. Mvua za kwanza za Oktoba na Novemba zikikaribia, angalia waya za umeme. Mbayuwayu wa Ulaya watakuwa wameanza kufika, na watakaa nasi hadi Machi au Aprili. Waandike nao.

Ukikwama kwa ndege usiyemjua, njoo na simu yako ofisi ya kata tutazame pamoja. Lakini chupa ya sumu iache dukani kwanza.

Kazi njema.